Mvua Ikigusa Ndabibi, Samaki Hula Matopeni

Ndabibi haina ufuo. Mgeni anayekuja kwa Moi South Lake Road, akayapita mashamba ya maua, akaipita Kamere na Kongoni, hufika kwenye tambarare hii iliyolala kati ya mlima Eburru na ukingo wa Mau akidhani ziwa liko mbele yake, kumbe ameshalipa kisogo. Hii ni nchi ya viazi, mahindi, maharagwe na ng'ombe wa maziwa. Enzi za ukoloni ilikuwa sehemu ya ardhi ya Lord Delamere, na ukitazama ukubwa wa mashamba yanayoizunguka utaamini. Mtu wa Ndabibi akikuambia anakwenda ziwani, ana mwendo mbele yake.

Hata hivyo, ni watu wa huku walionifundisha kulisoma Ziwa Naivasha, kwa kuwa mkulima na mvuvi wanangojea kitu kimoja. Mwishoni mwa Machi wote wawili husimama uani wakatazama mawingu yanavyojipanga juu ya Mau. Mkulima anauliza kama udongo utalainika vya kutosha kupokea mbegu. Mvuvi naye anauliza habari za udongo, ila ule ulio chini ya maji.

Mimi hutazama mbayuwayu. Wale wa Ulaya, ambao hukaa nasi tangu mwezi wa Oktoba, kufikia majuma hayo wamo katika maandalizi ya safari ya kurudi kwao, ambako majira ya machipuko ndiyo kwanza yanaingia. Wakati wa jua kuzama huruka chini kabisa, kifua kikikaribia kugusa maji, wakienda na kurudi kama wanaopiga pasi. Kinachowashusha hivyo ni vidudu vyembamba vinavyotoka majini kwa maelfu. Ukikaa kimya ukingoni utaona kwamba pale pale mbayuwayu anapopita, maji nayo yanafanya miduara midogo. Ndege anakula kutoka juu, samaki anakula kutoka chini, na chakula ni kile kile.

Wanaoishi karibu na maji, pale Kongoni na kando ya Oloidien, wanavijua vidudu hivyo kwa sababu ya taa. Ukiwasha balbu ya barazani jioni yenye utulivu, asubuhi utafagia rundo lao mlangoni. Mgeni huvipiga makofi akidhani ni mbu. Kwa kweli ni binamu wa mbu, wa ukoo mmoja wa usubi usiouma, na damu yetu havina haja nayo. Vingi vikishaota mabawa havili chochote. Vina siku chache tu za kucheza angani, kupata mwenzi, kutaga mayai juu ya maji na kufa.

Maisha yao hasa yamekwisha kupita kabla ya hapo, gizani, kwenye matope. Yai likizama na kuanguliwa hutoka kiluwiluwi mwembamba kama uzi, ambaye hujijengea kijumba cha bomba kwa mate yake na chembe za tope. Humo hukaa akila mabaki ya majani na mwani vinavyoanguka kutoka juu, akijivua gamba mara kwa mara kadiri anavyonenepa. Ukimchimbua utashtuka: ni mwekundu kama tone la damu. Wekundu huo ni damu kweli. Anayo himoglobini, ile ile inayobeba oksijeni mwilini mwetu, jambo ambalo wadudu wachache sana duniani wamejaliwa. Kwa hiyo anaweza kuishi pale ambapo hewa imepungua kiasi kwamba wadudu wengine wangekata roho.

Wakati wake ukifika huingia katika hatua ambayo wataalamu huiita pupa, na kwa Kiswahili jina limempata mwenyewe, maana kuna pupa kwelikweli. Hujijaza hewa chini ya ngozi, huachana na kijumba chake, huelea kupanda juu, hupasua ngozi, hutoka na kuruka. Safari hiyo ya kutoka tope hadi angani ndiyo hatari kuliko zote maishani mwake. Hana meno wala mwiba, wala mbio za kumkimbia mtu. Samaki wote wenye akili hungoja hapo.

Huko kaskazini mwa dunia wavuvi wa ndoano wameijengea hatua hiyo utaalamu mzima. Barafu ikianza kulegea, wadudu wa kwanza kuamka katika maziwa ni hawa, na samaki aliyeshinda miezi na njaa huwala kwa pupa hiyo hiyo. Warusi na Wafini hutoboa barafu wakateremsha viluwiluwi hai kwenye ndoano ndogo kama sindano. Waingereza, kwenye mabwawa makubwa kama Rutland na Grafham, hufunga uzi mwekundu au mweusi juu ya ndoano mpaka trauti adanganyike. Mtindo huo wa kudanganya kwa uzi ulifika kwetu pamoja na trauti wenyewe: mwaka 1905 Ewart Grogan, yule Mwingereza aliyesifika kwa safari ya miguu kutoka Cape hadi Cairo, alileta trauti kutoka Scotland, wakatiwa katika mto Gura huko Nyandarua.

Basi vitabu vya uvuvi vilivyoandikwa kwa ajili ya barafu vikawa ndivyo vinavyosomwa Nairobi, na ndiyo maana kila mwaka naulizwa swali lile lile: mwezi gani ni mzuri kuvua Naivasha? Swali hilo lina maana mahali ambapo maji huganda. Ziwa letu liko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, usiku wake ni wa koti, lakini maji yake hayajui baridi kali. Viluwiluwi huanguliwa mwaka mzima. Kinachobadilika ni mahali meza inapoandaliwa, na anayeihamisha ni mvua.

Fikiria wakati wa kiangazi. Ziwa limenywea, limeacha ukanda mpana wa tope lililopasukapasuka, majani yameota juu yake, ng'ombe na viboko wamekula hapo na kuacha samadi. Kisha Malewa, mto unaobeba sehemu kubwa kabisa ya maji yanayoingia ziwani, unashuka kutoka Nyandarua ukiwa na rangi ya chai ya maziwa. Gilgil nao unafuata. Ziwa linapanda, linarudi juu ya ukanda ule ule, na majani pamoja na samadi vinazama. Vinaoza. Kwa kiluwiluwi, hiyo ni karamu, na mayai yaliyotagwa juu ya maji hayo machanga huanguliwa katikati ya shibe. Baada ya muda si mrefu kina cha kufika gotini kina chakula kingi kuliko kilindi. Samaki hufuata. Hivyo ninapoulizwa mwezi, hujibu: ule ambao maji yanarudi kwenye majani, uwe Machi, uwe Mei. Mwaka ambao masika yamechelewa, kalenda yako itundike ukutani.

Nisiwadanganye lakini, kwamba samaki wa Naivasha wamezoea karamu hiyo tangu Adamu. Karibu kila samaki aliyemo humu ni mhamiaji. Mwenyeji aliyejulikana alikuwa samaki mdogo wa urefu wa kidole, ambaye hakupatikana kwingine, na mara ya mwisho kuonekana ilikuwa mwaka 1962. Wengine wote waliletwa au walijipenyeza. Mwaka 1925 ilitiwa tilapia kutoka mto Athi. Mwishoni mwa mwongo huo akaletwa besi kutoka Marekani, samaki mwenye mdomo mpana, kwa ajili ya burudani ya walowezi waliopenda mshipi unaovutwa kwa nguvu. Mwaka 1956 zikaja tilapia za aina mbili nyingine. Mwaka 1959 nyavu za biashara zikaruhusiwa. Mwaka 1970 akatiwa kamba mwekundu wa Louisiana, yule mwenye magando, na mwaka huo huo wavuvi wakatoa takriban tani 1,150 za samaki.

Kuanzia hapo hesabu ilishuka kama ndoo iliyokatika kamba. Kufikia 1997 ziwa lilitoa tani 21 tu. Sababu hazikuwa moja. Nyavu zilikuwa nyingi na macho yake madogo, maji yalipungua, na kamba yule wa Louisiana alifyeka majani yaliyoota chini ya maji, ambamo samaki wachanga walijificha. Mwaka 2001 serikali ilifunga uvuvi kwa mwaka mzima.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba katika miaka hiyo yote ya njaa, chakula kilikuwapo. Besi akiwa mchanga hula wadudu, lakini akishapita sentimita 26 hivi hugeukia kamba. Mmoja wa tilapia wale wa 1956 anapenda majani. Mwenzake hula mwani, mabaki na viluwiluwi kidogo, huku na huku, bila kuzama sana. Katika miaka ya 1990 watafiti walioyapima matumbo ya samaki hao, akiwamo Muchiri wa hapa kwetu na Hickley wa Uingereza, waliona kwamba akiba iliyomo kwenye matope ya Naivasha haina mwenyewe. Meza imeandaliwa na wageni hawaketi.

Mgeni aliyeketi hakualikwa. Inaaminika alitoroka katika mabwawa ya kufugia samaki huko juu, kwenye bonde la Malewa, mafuriko ya El Niño yalipoyafikia, na mwaka 2001, ule ule wa kufungwa kwa ziwa, akaonekana kwa mara ya kwanza. Wazungu humwita carp. Mimi nitamwita kapi, na msomaji asifikirie makapi ya mahindi, ingawa wapenzi wa besi walimwona hivyo hivyo mwanzoni: mnene, mwenye miiba mingi, asiyeruka hewani akinaswa. Ndani ya miaka kumi makapi hayo yakawa ndiyo mavuno. Sehemu kubwa kabisa ya samaki waliokuwa wakishushwa Kamere, Karagita na Kasarani ilikuwa yeye.

Mtazame anavyokula, utaelewa. Mdomo wake uko chini, laini, hutanuka mbele kama bomba. Pembeni ana sharubu nne fupi za kuonjea. Huinamisha kichwa, hufyonza tope pamoja na vyote vilivyomo, huchuja, hubakiza viluwiluwi, hutema mengine. Meno hana mdomoni. Anayo kooni, na huko ndiko anakosagia. Akipita kundi zima ziwa huchafuka, na hilo ni lalamiko la haki, kwa maana maji yenye tope huzuia mwanga na mimea ya chini hukosa nafasi ya kurudi. Nakubali. Bado, mama wa Karagita anayekaanga samaki wa shilingi chache hana habari na mwanga. Kwake kapi alikuja kama mvua.

Alama yake ni mapovu. Asubuhi na mapema, kabla upepo haujaamka, utaona mahali fulani maji yanachemka kidogokidogo, mapovu membamba kama ya soda, yakisogea polepole. Hiyo ni hewa inayotoka topeni anapochimba. Ukiyaona yanasogea kuelekea kwenye mafunjo, usiyafuate. Tangulia mbele yake, kaa, ngoja.

Nilichelewa sana kujifunza hilo. Mara yangu ya kwanza nilikwenda na fimbo ya kununua, ndoano inayotosha kumnasa papa, na chubwi zito lililotua kwa kishindo. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi juu ya ndoo, fito lake la mwanzi mkononi, alinitazama kwa huruma.

"Kijana, wewe umekuja kuvua au kupiga hodi?"

Nikamwuliza, "Sasa mzee, nifanyeje?"

Hakunijibu. Aliinuka, akachota tope kwa karai pembeni mwa mafunjo, akalisuuza taratibu kwenye chujio la chai ambalo bila shaka lilikuwa na mwenyewe jikoni, na mwishoni zikabaki nyuzi chache nyekundu zikijikunja na kujikunjua. Akasema samaki wa leo anakula hivi, basi usimletee pilau.

Kiluwiluwi mwenyewe ni chambo kigumu. Ndoano ikizidi unene kidogo yeye hupasuka, damu yake ikatoka, ukabaki na ngozi. Wazee wa huku wana njia ya mkato. Huchukua nyungunyungu mwembamba mwekundu wa kwenye samadi, humkata kipande kifupi, humwacha mkia ukicheza. Kapi haoni tofauti, au haoni sababu ya kubagua. Ugali uliokandwa na unga mbichi ukawa mgumu humnasa vilevile, hasa jua likishapanda. Jambo la maana ni ndoano ndogo, mshipi mwembamba, boya jepesi la bua la mafunjo, na chambo kigusane na tope badala ya kuning'inia juu yake. Anayevua tilapia atapandisha chambo kidogo, kwa sababu yeye humfuata kidudu anapopanda. Ukiona boya linalala ubavu badala ya kuzama, ni kapi ameinua chambo kutoka chini. Vuta hapo. Mimi huwa nangoja lizame, na mara nyingi huwa nimechelewa.

Hapo nimezungumzia asubuhi. Mlo mkubwa zaidi ni wa jioni, kwa kuwa jua likizama ndipo vidudu vingi hupanda, na msomaji anaweza kujiuliza kwa nini sijamshauri aende jioni. Jibu lina uzito unaoweza kupita tani moja na nusu. Kiboko hutoka majini kwenda malishoni saa hizo hizo, kwa njia zile zile za ukingoni, na hana desturi ya kumpisha mtu. Kila mwaka ziwa hili hupoteza watu kwa viboko, wengi wao wavuvi. Kwa hiyo saa ambayo samaki anakula vizuri kuliko zote ni ile ambayo mvuvi mwenye watoto anapaswa kuwa nyumbani anakula pia. Kwazi na mnandi hawana tatizo hilo.

Ziwa dogo la Oloidien, lililo karibu zaidi na Ndabibi, lina hadithi yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 maji yalipungua mpaka likakatika kutoka ziwa kuu. Bila mlango wa maji matamu likaanza kuchachuka kwa magadi, na miaka michache baada ya 2000 heroe walianza kulijaa, pinki tupu, watalii wakafuata. Heroe mdogo hula mwani. Yule mkubwa huchuja tope kwa mdomo wake uliopinda, na anachotafuta ni pamoja na viluwiluwi wale wale. Kisha baada ya mwaka 2010 maji yakaanza kupanda, yakapanda na kupanda, mpaka kizuizi cha nchi kavu kikazama. Heroe wakapungua, viboko wakabaki. Ukisimama leo mahali fulani kando ya Oloidien utaona vichwa vya migunga iliyokufa vimejitokeza majini, na minandi wamevigeuza kambi.

Kupanda huko kwa maji kunanipa shida ya kuandika. Mwaka 2020 mtaa wa Kihoto mjini Naivasha ulifurika. Mwaka 2025, mwezi wa Oktoba na Novemba, ukafurika tena, watu wakahamishwa kwa boti, magodoro kichwani, watoto mgongoni. Ni msiba. Wakati uo huo, kwa hesabu ya samaki, kila shamba lililozama ni sufuria mpya jikoni. Majani ya malisho, mabua ya mahindi, mabustani ya sukumawiki, yote yanaoza, na kiluwiluwi anastawi. Vyoo navyo vilizama. Tusijidai hatujui vinamlisha nani.

Ndipo lazima niseme neno dhidi ya kidudu niliyemsifu. Kuwapo kwake kwa wingi si cheti cha afya. Kwa kuwa anastahimili uhaba wa oksijeni, yeye ndiye anayebaki wengine wanapokimbia. Mtaalamu wa maji akichota tope akakuta wadudu wa kila aina, hufurahi. Akikuta nyuzi nyekundu peke yake, hukunja uso. Mbolea kutoka mashamba ya juu na ya kandokando, maji machafu ya vitongoji vilivyokua haraka kuliko mabomba yake, udongo unaosombwa kutoka milima iliyofyekwa, vyote huishia pale chini. Februari 2010, mvua ilipokuja baada ya ukame mkali, samaki walielea wakiwa wamekufa kwa mamia. Mjini watu walibishana juu ya sumu za mashamba ya maua; watafiti wengi walielekeza kidole kwenye oksijeni iliyokwisha majini. Kiluwiluwi, kwa damu yake ile, angeweza kuivumilia siku kama hiyo.

Kwa majirani zetu, vidudu vinavyofanana na hiki ni chakula cha binadamu moja kwa moja. Katika Ziwa Nyasa, makundi ya wadudu wa ziwani huinuka kama moshi, na watu wa huko huwaita kungu. Mtu anayesema Kiswahili hahitaji kuelezwa jina hilo limefanana na nini. David Livingstone aliwaona katika karne ya 19 akaandika jinsi wenyeji walivyowakanda wakawa mikate. Katika Ziwa Victoria, aina mojawapo hutoka kwa kufuata mwezi, wingi wake ukifika kileleni siku chache baada ya mwezi mwandamo. Naivasha sijaona mtu akipika vidudu. Tunavipitisha kwa samaki kwanza, na huenda ndiyo njia tamu zaidi.

Sasa nirudi ukingoni, maana hapo ndipo palipo na ugomvi. Maji yakirudi kwenye majani, kapi na tilapia huja kina cha gotini kwa mambo mawili: kula na kuzaa. Kapi hubandika mayai yake kwenye majani yaliyozama. Tilapia huhitaji sakafu ya maji ya kina kifupi yenye jua ili afanye kiota. Nao vijana wasio na kazi, wasio na boti wala leseni, huja hapo hapo, kwa sababu mtu asiye na boti anaweza kuvua tu mahali anapoweza kusimama. Huku wanajulikana kama wavuvi wa miguu. Huingia mpaka kifuani wakiburura nyavu za macho madogo, wengine neti za mbu zilizoshonwa pamoja. Kidudu amemvuta samaki, samaki amemvuta kijana, na kijana anakutana na kiboko upande mmoja na askari wa doria upande wa pili. Wapo waliokufa wakikimbia mmoja wakaingia kwa mwingine.

Sina moyo wa kuwaita wezi, kama wenye leseni wanavyowaita. Lakini nimeona kinachotoka kwenye zile neti. Ni samaki wa urefu wa kiganja, wengi wao wasiofaa hata kukaangwa, pamoja na mayai yaliyonata kwenye nyuzi. Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016 inazo adhabu zake, na vikundi vya usimamizi wa fuo vinajua kila jina la anayevua bila leseni. Kukamata pekee hakujasaidia. Kijana wa Ndabibi au Kongoni aliyefungwa Mei anarudi majini Agosti, kwa kuwa njaa haikufungwa naye. Wangepewa leseni ya ndoano, ya bei ya chini, kwa ufuo maalumu na saa maalumu za asubuhi, ningeona serikali ya kaunti imefikiri. Ndoano moja haiwezi kufagia kizazi kizima cha samaki. Fito na mshipi gharama yake ni ndogo kuliko faini.

Msomaji anayekuja kutoka Nakuru au Nairobi mwishoni mwa juma, hili lako. Nunua leseni kabla ya kushusha mshipi, na uulize kwanza kama uvuvi haujafungwa, kwani ziwa hupewa miezi ya mapumziko. Fika alfajiri. Muulize mtu wa hapo njia ya viboko iko wapi, na ukae mbali nayo. Ukinasa kapi jike aliyejaa mayai majuma hayo ya mvua ya kwanza, mrudishe. Utamtambua kwa tumbo. Jua likianza kuinama kuelekea Mau, kunja vyombo, hata kama maji yamejaa miduara mbele yako.

Na ninyi wa ukingoni, kuanzia Kasarani mpaka Oloidien: majuma mawili matatu ya mwanzo wa masika, maji ya gotini waachieni samaki. Neti ya mbu irudisheni kitandani.